MREJESHO: Chumba kimoja Sakina au viwili Ngaramtoni

Wakuu, ni mimi niliyeuliza nichukue chumba kimoja chenye choo ndani Sakina, hapa Arusha, au viwili Ngaramtoni kwa kodi ileile. Nimechukua Sakina, ni karibu na mjini kuliko Ngaramtoni; nauli ya vifodi (daladala ndogo) ilikuwa inanimaliza.

Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Nikaomba 3 kama mlivyonishauri, akagoma mpaka mkewe aliponitetea (Mungu ambariki yule mama). Dalali naye akala kodi ya mwezi mzima.

Kitanda nimekiinua kwa matofali, chini yanakaa mabegi na ndoo. Pazia limetenga jiko.

Kasheshe ni luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja nyumba nzima: jirani anapikia umeme, mimi gesi, tunachanga sawa! Nimemwomba mwenye nyumba nifunge mita yangu ndogo, gharama tukatane kwenye kodi. Bado anafikiria.