Mjadala: Kwa nini sisi wa Unguja na Pemba tufuate kalenda ya Nottingham?

Mleta mada:
Assalaam aleikum wana meza. Mashindano yetu ya Warhammer 40,000 tuyacheze kwa toleo la 10 au tubaki na la 9? Kwa wasioujua mchezo: ni vita vya mezani. Kila mtu ana jeshi la visanamu vya plastiki alivyoviunga kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe, mwendo unapimwa kwa inchi, mapigano yanaamuliwa kwa dadu. Wenye mchezo ni Games Workshop wa Nottingham, Uingereza. Toleo la 8 lilitoka 2017, la 9 mwaka 2020, la 10 mwaka 2023. Kila miaka 3, kitabu chako cha kanuni kimekufa.

Mie nasema tubaki. Toleo la 10 lina mazuri yake. Awamu ya uchawi imefutwa, na ilistahili; asiye na mchawi alikuwa anakaa akitazama tu. Mbinu za ziada, zilizokuwa zikijaa kurasa, sasa ni 6 kwa kila mtindo wa jeshi, ukiacha zile za wote. Hayo nawapa.

Linaloniuma ni pointi, yaani bajeti ya kuundia jeshi. Zamani kila silaha ilikuwa na bei yake: ukimpa askari bunduki nzito unailipia, ukimwacha na ya kawaida unabakiwa na pointi za kuchukua mwengine. Sasa silaha ni bure, na kikosi kinauzwa kwa idadi waliyoipanga wao, mara nyingi 5 au 10. Mwenye visanamu 7 analipa bei ya 10. Uingereza mtu atapita dukani jioni aongeze watatu. Hapa hao watatu wanamsubiri mtu anayerudi safari. Na silaha zikiwa bure, anayefaidi ni mwenye masanduku mengi, aliyebaki na kila aina ya bunduki.

Tena hawa si watu wa kuwafuata mbio. Mwaka 2015 waliusimamisha Warhammer Fantasy, mchezo wao mkongwe, wakaleta Age of Sigmar wenye vitako vya duara, vile vibao vya kusimamishia visanamu. Watu wakabandua majeshi mazima kutoka kwenye vitako vya mraba. Januari 2024 wakaurudisha ulimwengu ule ule kwa jina la The Old World, na vitako ni vya mraba!

Mchangiaji wa Michenzani:
Kaka, kanuni za msingi za toleo la 10 walizitoa bure lilipotoka 2023, pamoja na karatasi za vikosi vya kila jeshi. Kijana wa skuli alizipakua kwenye simu, kesho yake akacheza. Hilo la 9 unalolitetea linataka kitabu cha jeshi, na huku vitabu hivyo mnavyo nyinyi wakubwa tu. Unamtetea asiye nacho au unatetea kabati lako?

Mchangiaji wa Mkunazini:
Nendeni Jaws Corner, Mji Mkongwe, muwatazame wazee wakicheza bao. Kete 64, mashimo 32, na hakuna anayewaletea toleo.

Mchangiaji wa Michenzani:
Bao nalo lina la kujifunza, kete zote zimeshapangwa mbili mbili tangu mwanzo, na lina la kiswahili ambalo kila mtu anaanza na kete 22 mkononi. Anayeanza hatupiwi la kiswahili siku ya kwanza.

Mchangiaji wa Wete:
Mnabishana mkiwa mtaa mmoja. Mie nateremka hadi Mkoani, napanda boti, sanduku la visanamu mapajani wasije wakavunjika mikono. Nikifika mjini nikute nusu wanacheza la 9 na nusu la 10, nimefuata nini? Chagueni moja. Halafu kuna vikosi vyangu vya zamani waliovisukuma kwenye orodha ya Legends: kanuni zipo lakini hazirekebishwi tena, na mashindanoni wenyewe hawashauri vitumike. Vile nilivipaka kwa brashi tupu, maana masika rangi ya kupuliza inatoka chengachenga kwa unyevu. Sivitoi mezani.

Mleta mada:
La kabati limenifika. Basi tuchukue kanuni za 10, lakini bei ya kikosi tuigawe kwa vichwa: ukileta 7, unalipia 7. Na Legends ziruhusiwe.

Mchangiaji wa Wete:
Vichwa na Legends nakubali. Silaha je? Ukianza kuzipangia bei ushatunga toleo lako wewe.

Mchangiaji wa Michenzani:
Na akija mgeni na jeshi lake, atasomeshwa hesabu zako kwanza?

Mleta mada:
Mgeni atapewa ukurasa mmoja. Bei za silaha nzito tu, nyengine zibaki bure. Nitazileta Ijumaa baada ya sala, na wa Wete nitamtumia mapema azipinge kabla hajakata tiketi ya boti.