Kuku wa kukalishwa kwenye kopo anaungua nje, ndani mbichi. Naomba msaada kabla ya kesho

Shemeji Mtulivu:
Wakuu habari za jioni. Kesho saa 7 mchana wakwe zangu wanakuja kula kwangu, mara ya kwanza tangu nioe, na kwa mdomo wangu mwenyewe nimeahidi kuku mzima wa mkaa, yule anayekalishwa wima juu ya kopo la bia. Juzi nikafanya majaribio. Kuku kilo 2 kasoro kidogo, chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu, mafuta, kopo nusu, nikamkalisha katikati ya wavu. Upepo ulikuwa unachochea makaa vizuri tu. Baada ya saa nzima ngozi nyeusi tii, nikakata paja, kwenye mfupa damu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Swali langu ni moja, niongeze mkaa au niongeze muda? Na bia ijae au nusu inatosha?

Kijiko Kirefu:
Nusu inatosha, kopo likijaa linamwagikia makaa. Naweka kambi hapa, uzi huu nauhitaji.

Bi Nasaha:
Mwanangu, wakwe wanakuja mara ya kwanza halafu unawawekea kuku aliyekalia bia, umewauliza kama wanaitumia? Mtu anaweza kula kwako akaja kujua baadaye akajisikia vibaya mwaka mzima. Weka maji na limau, hakuna atakayelalamika.

Ngozi Kavu:
Bi Nasaha uko sahihi, na hata kwa upishi hapotezi kitu. Kile kinywaji hakichemki kama watu wanavyodhani, kopo limezungukwa na nyama ya baridi pande zote, mpaka kuku anaiva mvuke unaotoka ni kidogo sana. Tena kopo lenyewe linazuia joto lisiingie tumboni, ndiyo maana upande wa ndani unachelewa. Mleta mada achana na bia kwanza. Makaa uliyaweka wapi na jiko lina mfuniko?

Shemeji Mtulivu:
Makaa chini yake mkuu, katikati, ili moto umpate vizuri. Mfuniko upo ila kuku akishakaa haufungi, nikamfunika na foili.

Ngozi Kavu:
Basi hapo ndipo ulipoungulia. Mafuta ya ngozi yanadondokea makaa, moto unaruka juu, unamlamba kuku dakika 15 za mwanzo anakuwa mweusi wakati ndani bado wa baridi. Sogeza makaa pembeni, nusu kushoto nusu kulia, katikati weka trei yenye maji kidogo ya kudaka mafuta, kuku akae juu ya trei. Kuku aliyekaa anakaribia sentimita 30 kwa urefu kwa hiyo tafuta sufuria kubwa la kumfunika, uliinue kidogo kwa mawe pembeni hewa ipite maana makaa yakikosa hewa yanazima. Ukiona yamepoa ongeza mengine yaliyokwisha kushika moto, usitupie mabichi. Saa 1 na robo mpaka saa 1 na nusu. Halafu hiyo damu ya kwenye mfupa isikutishe peke yake, kuku mdogo au aliyetoka friza anaweza kuwa mwekundu kwenye mfupa na ameiva kabisa. Azima kipimajoto, choma kwenye paja pale penye nyama nene bila kugusa mfupa, nyuzi 74 ni salama, paja likifika 80 linakuwa laini zaidi. Rangi inadanganya.

Koleo Mbili:
Mimi naongelea kumtoa maana hakuna anayesema. Mwaka juzi nimemchoma kakaa vizuri, ngozi ya dhahabu, kila mtu kasimama pembeni anaangalia, nikamshika kwa taulo nikanyanyua, kopo likagoma kutoka, limeganda ndani. Nikavuta kwa nguvu. Lile kopo likachomoka ghafla na yale maji yote na mafuta yake yakanimwagikia juu ya mguu, nilikuwa nimevaa kandambili. Malengelenge matatu, moja ukubwa wa yai la kware. Dada yangu ndiye aliyenivuta mpaka bombani, dakika 20 maji yanapita juu ya mguu, ningemsikiliza jirani aliyeshika dawa ya meno ingekuwa mbaya zaidi. Tangu hapo tunamtoa watu wawili, mmoja anabana kopo na koleo, mwingine anamzungusha kuku taratibu kabla ya kumwinua, na tunamwacha kwanza atulie dakika 10. Viatu vya kufunika. Kovu bado ninalo.

Kijiko Kirefu:
Pole sana dada. Mimi nilikuwa nataka kujaribu na ndala hizi hizi.

Ngozi Kavu:
Mleta mada, bado kitu kimoja. Mvua imenyesha wiki nzima kama unavyosikia watu wakilia humu, ulichomea wapi?

Shemeji Mtulivu:
Sehemu ya kawaida tu. Tuendelee na suala la muda, saa 1 na nusu kutoka lini, kutoka makaa yameshika au kutoka kuku amekaa?

Ngozi Kavu:
Kutoka kuku amekaa na makaa yamevaa majivu ya kijivu. Sehemu gani ya kawaida?

Shemeji Mtulivu:
Stoo. Kuna dirisha na nililifungua. Na mlango nusu. Na kwa kesho tayari nimeshaifagia, nimehamisha magunia, nimepanga matofali ya kuwekea jiko kwa hiyo hilo limeshakwisha, mvua ikinyesha siwezi kuwaambia wakwe wasubiri. Moshi wenyewe haukuwa mwingi, tuliumwa kichwa kidogo tu.

Zamu ya Usiku:
Soma hii taratibu kaka. Nimefanya kazi ya uokoaji miaka 9. Makaa yasiyo na moshi ndiyo mabaya zaidi kwa sababu unajiona uko salama. Yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na damu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Kichwa kuuma ndiyo dalili ya kwanza. Kinachofuata ni kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, mtu halali tena kwa raha yake. Dirisha moja na mlango nusu haitoshi. Na jiko likiachwa ndani baada ya kupika bado linatoa mpaka liwe jivu la baridi kabisa. Nimeingia nyumba ambazo chakula kilikuwa bado mezani. Toa hilo jiko humo stoo leo, siyo kesho.

Shemeji Mtulivu:
Nakuheshimu mkuu lakini watu wanapikia mkaa ndani miaka yote. Na ni saa 1 na nusu tu.

Jicho la Tatu:
Wadau samahani, mimi naona tunanyweshwa chai. Rudini juu msome. Post ya kwanza anasema upepo ulikuwa unachochea makaa, sasa hivi alikuwa stoo, upepo wa stoo unatoka wapi? Tena anasema "tuliumwa", yeye na nani? Alisema alifanya majaribio peke yake. Picha hakuna. Hii stori imetungwa watu wajaze kurasa.

Kijiko Kirefu:
Duh. Kweli hilo la upepo sikuliona.

Bi Nasaha:
Hata kama ni chai, ushauri wa huyo wa uokoaji si chai. Acheni ubaki.

Koleo Mbili:
Mimi nimeonyesha kovu langu humu halafu kumbe namhadithia mtu anayetunga? Jibu mleta mada.

Shemeji Mtulivu:
Sijatunga. Nilianza nje uani, upepo ulikuwepo, dakika kama 20 hivi mvua ikaanza matone makubwa nikabeba jiko zima na kuku juu yake nikaingiza stoo, mkono huu wa kulia una alama ya waya wa kishikio. Peke yangu sikuandika popote. Nilikuwa na mwanangu wa miaka 6, alikuwa ananishikia tochi ili nione kama ngozi inabadilika. Sikutaka kuandika kwa sababu mke wangu anasoma humu. Baada ya pale mtoto hakula, akalala saa 12 jioni na nguo zake, mimi nikasema amechoka na kucheza. Ndiyo mara ya kwanza naandika hivi na mikono inatetemeka.

Zamu ya Usiku:
Yuko vipi leo?

Shemeji Mtulivu:
Mzima. Amekula, amecheza mpira asubuhi. Nimetoka kumwangalia sasa hivi amelala, nimemgusa akanisukuma mkono.

Zamu ya Usiku:
Sawa. Hata hivyo mpeleke aangaliwe na umweleze daktari hivyo hivyo ulivyoandika hapa, na mama yake umwambie wewe kabla hajasoma. Jiko?

Jicho la Tatu:
Naondoa neno langu la chai. Pole mzee.

Shemeji Mtulivu:
Jiko nimelitoa, liko uani chini ya beseni. Mama yake nimemwambia, hajanijibu, amekwenda kukaa kitandani kwa mtoto. Kesho mvua ikinyesha napika kwenye oveni ndani, isiponyesha mkaa uani. Ngozi Kavu, je kuna njia ya haraka kuliko kumkalisha, ili nisikae nje muda mrefu mawingu yakijikusanya?

Ngozi Kavu:
Mpasue mgongo umlaze bapa, kifua juu. Hahitaji kopo wala sufuria refu, mfuniko wako wa kawaida utafunga, na kwa dakika 45 mpaka 60 anafika. Mpake chumvi leo usiku umwache wazi kwenye friji, ngozi ikauke. Kipimajoto kile kile, 74.

Shemeji Mtulivu:
Mkasi wangu ni wa karatasi. Kisu kinaweza?

Koleo Mbili:
Kinaweza, chukua kizito. Anzia mkiani, pita pembeni ya uti wa mgongo siyo juu yake, upande mmoja kisha wa pili, uti unatoka wote. Halafu mgeuze umkandamize kifuani kwa viganja mpaka usikie kifupa kimelia.