MREJESHO: Chenso ya kusafishia shamba la ekari tatu

Wakuu, nilikuja hapa kuomba ushauri wa chenso (msumeno wa mnyororo wa injini) ya kuondoa mikaratusi iliyoangushwa na upepo na matawi ya miembe mizee shambani kwetu Muheza. Asanteni sana wote mlionijibu.

Wengi mlisema niachane na ile kubwa ya wapasua mbao. Nimechukua Stihl MS 250, baa (ule upanga unaozungukwa na mnyororo) ya inchi 16, kama alivyoshauri mkuu aliyesema kilo nne na nusu zinabebeka kutwa nzima. Alikuwa sahihi kabisa. Magogo yote yameisha, kuni zimepangwa, na njia ya kuelekea kisimani inapitika.

Ushauri uliookoa mashine ni wa mafuta: petroli lita 5 ichanganywe na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) mililita 100, na tangi la oili ya mnyororo lijazwe kila unapojaza petroli. Inawaka vizuri hadi leo. Tupa ya mviringo ya milimita 4.8 ya kunolea mnyororo nunueni siku hiyohiyo, maana mnyororo butu unatoa unga badala ya vipande, na mkono unachoka bure.

Visiki vimenishinda. Kukata usawa wa ardhi kunaua meno kwa mchanga, na mikaratusi imeshaanza kuchipua tena. Mzee mmoja hapa alitabiri hivyo, akasema ving'olewe kwa sururu na shoka. Shikamoo mzee wangu, vijana wanaanza kuchimba wiki ijayo.