Yule jamaa wa chupa tupu katudhalilisha Taifa zima na nyie mko kimya!!!

Vumbi la Nkuhungu (mleta uzi)

Mbukwa wakuu.

Nimetoka kibanda umiza sasa hivi, hata viatu sijavua, vidole vinatetemeka. Mwenye kazi ya kusahihisha herufi akasahihishe madaftari ya wanawe.

Mmemuona yule jamaa? Simtaji. Mnamjua nyote, yule yule wa mkufu shingoni na miwani ya laki nane. Kumtaja ni kumuongezea sifa, na sifa alizonazo zinawatosha hadi vitukuu vyake.

Niwaeleze mliokuwa bado kanisani. Mbio za marathoni, kilomita ya 30, meza ya maji. Jamaa anapita mbio, anaikosa chupa yake. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, macho yamemtoka. Nani kamnusuru? Dogo wetu! Kijana wa Kitanzania aliyekuzwa kwa ugali na mlenda kapiga mafunda mawili kwenye chupa yake, iliyobaki akamkabidhi mwenzake. Hakuombwa. Kibanda kizima tukapiga makofi, na mama muuza karanga akasema huyo mtoto kalelewa.

Haya. Jamaa kashinda. Sawa, miguu anayo, sibishani na miguu. Dogo kaingia wa nne, kaanguka pale chini, kajizoa, kajifuta mkono kwenye bukta ILI AMPE MTU MKONO MSAFI, kamfuata bingwa, kaunyoosha. Na yule jamaa, mbele ya kamera, mbele ya dunia, mbele ya mama muuza karanga, akautazama ule mkono akauwekea chupa tupu.

CHUPA TUPU.

Kisha huyooo, kwenda kupiga picha na bendera.

Na dogo kaipokea! Ndicho kinachoniua. Kaipokea kwa mikono miwili kwa adabu zetu zile, akabaki amesimama nayo kwa muda ambao treni ya SGR ingetoka hapa Dodoma ikafika Dar, ikashusha, ikapakia, ikarudi. Mtangazaji naye kimya. Alikuwa anatuelezea kila kitu tangu asubuhi, hadi soli za viatu na majina ya madaraja, ilipofika chupa tupu mdomo ukamfunga.

Sisi ni nchi ya John Stephen Akhwari jamani! Mzee wa Mbulu! Marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, kaanguka, goti limefungwa bandeji, Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda zaidi ya saa nzima kabla yake, giza limeingia, na bado mzee akaja anachechemea mpaka mstarini. Akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Wageni waliobaki uwanjani walimpigia makofi mtu wa mwisho! Leo wetu wa nne anapewa chupa!

Serikali itoe tamko. Bunge liko hapa hapa mjini, mtu apande bodaboda apeleke hoja. Chupa irudishwe kwa njia za kibalozi.

Mkono ulikuwa msafi wakuu. Aliufuta kabisa. Nilimuona.

Babu wa Kikuyu

Nimeona. Chakula hakijapita kooni mpaka saa hizi.

kipara_mjanja

Mkuu unatoa povu utadhani ulikimbia wewe. Ulikuwa umekaa kwenye benchi unatafuna karanga za mkopo.

Binti wa Kondoa

Labda alidhani dogo ni mtu wa usafi wa pale mwisho.

Vumbi la Nkuhungu

ANA NAMBA KIFUANI dada. Namba na jina. Na ni jina lile lile lililoandikwa kwenye chupa aliyokunywa kilomita ya 30!

Dom Kwetu

Mleta uzi umetupa aibu nyingine, umemkumbuka Akhwari wa Mbulu ukamruka mzee wetu mwenyewe. Juma Ikangaa ni mzaliwa wa Dodoma hii hii. Boston 1988 alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde MOJA. Mbio za zaidi ya kilomita 42, sekunde moja! Mimi ningelala pale pale barabarani mpaka wanizike. Yeye akarudi 1989, wa pili. Novemba ya mwaka huo akaenda New York akashinda kwa 2:08:01. Akarudi tena Boston 1990, wa pili. Huyo ndiye alikuwa na haki ya kugawa chupa tupu duniani, siyo huyu mtoto wa mkufu.

Karani Mstaafu

Naomba tuweke kumbukumbu sawa kabla hamjaenda bungeni. Kanuni za riadha za kimataifa zinamruhusu mkimbiaji kumpa mwenzake maji, mradi yawe yamechukuliwa kituo rasmi au mkimbiaji alianza nayo. Akimhudumia mtu yule yule mfululizo, hapo waamuzi wanaweza kuhesabu ni msaada usio halali, wakatoa onyo au kuwaondoa. Kwa hiyo kijana alikuwa ndani ya sheria kwa ile mara moja. Kuhusu chupa kurudishwa, kanuni haina neno.

kipara_mjanja

Kwa hiyo kisheria jamaa kakopeshwa chupa, karudisha chupa. Humu ndani nani ameshawahi kurudisha bakuli la jirani?

Binti wa Kondoa

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu unatia chumvi.

Vumbi la Nkuhungu

ASANTE DADA. Angetia hata chumvi!

Mlenda Mbichi

Uzi hauna picha wala video. Hii ni chai na tangawizi ndani.

Vumbi la Nkuhungu

Wewe ulikuwa wapi Jumapili? Kibanda kizima kimeona! Kajifuta mkono, kaunyoosha, chupa. Nikifumba macho naiona, nikifumbua naiona.

Ikungi Damu

Na nyie Dodoma na Ikangaa wenu wa enzi za redio za mbao. Dhahabu ya dunia imeletwa na Singida. Alphonce Simbu, Tokyo 2025, kamzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Wote wameandikiwa 2:09:48, ikabidi picha iangaliwe ndipo mshindi ajulikane. Mkitaka mambo ya wanaume njooni Singida, nyie kaeni na zabibu.

Dom Kwetu

Singida mna kuku tu.

Ikungi Damu

Na kila Ijumaa tunawaona hapa barabarani mnawabeba kwenye buti za magari ya serikali.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nasema jambo moja, uungwana upo, tatizo tunakumbuka washenzi tu. Desemba 2012 kule Burlada, Hispania, mbio za nyika. Abel Mutai wa Kenya, aliyetoka kuchukua shaba London kwenye mita 3,000 za viunzi na maji, alikuwa anaongoza, akasimama kabla ya mstari akidhani kamaliza. Nyuma yake yupo Iván Fernández Anaya. Angempita akitaka. Hakumpita. Kwa kuwa lugha haziingiliani, akawa anamuashiria tu kwa mkono: endelea, endelea, bado. Mutai akashinda, Mhispania akabaki wa pili.

kipara_mjanja

Malizia hadithi mwalimu, usituachie pazuri tu. Kocha wa huyo Mhispania ni Martín Fiz, na alisema yeye asingefanya hivyo, angempita. Fiz huyo ni bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995. Mnaona sasa? Mabingwa ndivyo walivyo. Wapole wanaishia kuwa mifano mashuleni.

Mwalimu wa Zamu

Barshim wa Qatar na Tamberi wa Italia ni wapole au si mabingwa? Olimpiki ya Tokyo, kuruka juu, wote wameruka mita 2.37, wote wameshindwa 2.39. Wakaambiwa waendelee mpaka apatikane mmoja. Barshim akauliza, tunaweza kupata dhahabu mbili? Wakaenda nazo nyumbani wote wawili.

kipara_mjanja

Na mmoja wao hakumpa mwenzake chupa, nakubali.

Vumbi la Nkuhungu

Unacheka. Ungekuwa mkono wako ungecheka?

kipara_mjanja

Ningeipeleka kwa wanunua plastiki. Kilo ni hela.

Nyota Nyeusi

Chupa mnalilia siku nzima! Mnasahau tarehe 2 Julai 2010? Robo fainali ya Kombe la Dunia, Johannesburg, dakika za mwisho kabisa za nyongeza, mpira wa Ghana unaingia golini, Suárez wa Uruguay kaudaka kwa mikono miwili akiwa mstarini. Kadi nyekundu, penalti, Gyan kagonga mwamba, na kule mlangoni mwa uwanja jamaa anarukaruka kwa furaha. Bara zima lilikuwa linakwenda nusu fainali kwa mara ya kwanza! Baba yangu alizima televisheni akatoka nje, hakuongea na mtu mpaka kesho yake. Chupa ni kitu gani?

Karani Mstaafu

Suárez alivunja sheria, akaadhibiwa papo hapo. Ghana walipewa penalti. Sasa kama mlikosa...

Nyota Nyeusi

Wewe karani ni Mruguai?

Vumbi la Nkuhungu

Suárez alidaka mpira. Huyu kamdakisha mtu takataka. TURUDI KWENYE CHUPA.

Mwenye Kibanda

Nimetumiwa huu uzi na mteja. Vumbi, umeondoka kwa hasira hujalipa kiingilio. Na chupa yangu ya soda ya kioo umeondoka nayo mkononi, crate langu lina pengo.

kipara_mjanja

😂😂😂😂 Nimeanguka kitandani.

Binti wa Kondoa

Jamani mbavu zangu.

Mlenda Mbichi

Serikali itoe tamko. Chupa irudishwe kwa njia za kibalozi.

Vumbi la Nkuhungu

Usihamishe mada wewe mwenye kibanda. Kwanza kilomita ya 35 uligeuza ukaweka mpira wa Uingereza mpaka tukapiga kelele, hicho kiingilio nilipie nini?

Mwenye Kibanda

Walionipigia kelele nirudishe mbio ni watu watatu. Walioomba mpira ni arobaini. Mimi nauza.

Fundi wa Majengo

Hapo mwenye kibanda naomba nikuulize, kwa nini mechi ikiwa kubwa unapandisha bei halafu feni unazima? Tulikuwa tunachemka.

Mnyama Damu

Na mnaongelea uungwana gani katika nchi hii? Tarehe 8 Machi 2025 mtu nimetoka Dodoma kwa nauli yangu kwenda kwa Mkapa, nimevaa jezi, nimechora uso, mechi ya watani, Simba na Yanga, ikaahirishwa siku hiyo hiyo. Huyo dogo angalau alikimbia.

Jangwani Makao

Ahirishwa? Mlikimbia.

Mnyama Damu

Tulizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wake, na hilo kila mtu analijua.

Jangwani Makao

Na tarehe 25 Juni mlizuiwa na nani? 2-0, hamkuzuiwa hata na kipa wenu.

Mnyama Damu

Mwamuzi yule mnamjua wenyewe.

Babu wa Kikuyu

Wajukuu, mbio za zamani zilikuwa na raha. Christchurch 1974, Filbert Bayi kaongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyekuja nyuma yake naye kaipita rekodi ya zamani. Tukasubiri wakutane tena Montreal 1976. Tukasusia Olimpiki sisi pamoja na nchi kibao za Afrika kwa sababu New Zealand walikwenda kucheza raga na Makaburu. Walker akachukua dhahabu, Bayi yuko nyumbani. Sikuwahi kusikia mzee Bayi akilalamikia...

Jangwani Makao

Babu subiri kidogo, tunamalizana na huyu wa 2-0.

Msimamizi

Uzi ulifunguliwa Jukwaa la Siasa. Nimeuhamishia Michezo. Punguzeni matusi.

Vumbi la Nkuhungu

Niliuweka Siasa makusudi! Ni suala la Taifa! Aliufuta ule mkono wakuu, kwenye bukta, mara mbili...

Mnyama Damu

Goli la pili lilikuwa la kuotea.

Ikungi Damu

Kuku mmoja wa Singida sasa hivi anafika bei gani huko Sabasaba? Nataka kuleta mzigo wiki ijayo.

Dom Kwetu

Umeona eeh, unawatukana wateja wako. Lete wakubwa, siyo wale wa juzi waliokuwa wanavuliwa manyoya wanabaki shingo.

Mama Ilazo

Samahani wakuu, najua siyo mahali pake. Nani anamjua fundi wa ving'amuzi huku Ilazo? Tangu ule upepo wa juzi kwangu inasema hakuna mawimbi, hata hizo mbio mnazogombania sikuziona.

Fundi wa Majengo

Dishi au antena, dada?

Mama Ilazo

Dishi.

Fundi wa Majengo

Limegeuka hilo. Usipandishe mtoto juu ya bati, nakuja kesho saa nne. Andaa maji ya kunywa, kwenu huko mgao umezidi.

Binti wa Kondoa

Mgao!! Huku kwetu Nzuguni leo siku ya ngapi, hata ya kuosha vyombo hakuna, na bili imekuja.

Mlenda Mbichi

Fungua uzi wake dada, tuje wote.