Kuchanga karata za poka bila seva ya kati: mchezaji akitoweka, nani ana funguo?

Mchangaji, Mbeya

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Sisi ni kikundi cha wanafunzi hapa Iyunga, na tunaandika programu ya poka ya Texas Hold'em (karata mbili za siri kwa kila mchezaji na tano za wazi mezani) isiyo na seva inayochanga wala kugawa karata. Kazi hiyo inafanywa na simu za wachezaji wenyewe. Tumechagua njia hii kwa sababu mwenye seva anaweza kuona karata zote, kama ilivyodhihirika mwaka 2007 katika kashfa ya tovuti ya poka ya Absolute Poker, na pia kwa sababu seva yenyewe inaweza kuchanga vibaya bila mtu kukusudia. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba programu iliyotumiwa na tovuti ya PlanetPoker ilianzisha uchanganyaji wake wa kubahatisha kwa namba ya milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane. Kwa siku nzima hizo ni milioni 86.4 tu, na kompyuta ya kawaida iliweza kuzipitia zote.

Tumefuata njia ya Shamir, Rivest na Adleman ya mwaka 1979. Kila mchezaji huipandisha namba ya karata kwa kipeo chake cha siri, ambacho ndicho kufuli lake, kisha huchukua baki baada ya kuigawanya kwa namba tasa kubwa ambayo wote wanaijua. Kwa kuwa mpangilio wa vipeo haubadilishi jibu, kila mmoja anaweza kuondoa kufuli lake bila kusubiri zamu maalumu. Karata tumezipa namba kuanzia 2 hadi 53.

Tunasumbuliwa na mambo mawili. Kwanza, wakiwa wachezaji sita, maandalizi ya mchezo mmoja huchukua muda mrefu mno kwenye simu za bei nafuu. Pili, mwenzetu aliyeko Tukuyu akikatikiwa na mtandao wakati wa mvua, sisi wengine tunabaki na rundo la karata ambalo hakuna anayeweza kulifungua. Je, wenye uzoefu mnalitatuaje hili?

Hesabu_Kihesa, Iringa

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya hayo mawili, tazameni upya namba mlizozipa karata, maana siri inavujia hapo kabla hata mtu hajatoka mezani. Chukua namba tasa ndogo, 11, na kipeo cha siri 3. Karata 2 inakuwa 8, karata 3 inakuwa 5, na karata 6 inakuwa 7. Sasa zidisha 8 kwa 5 upate 40, ugawanye kwa 11, na baki ni 7, yaani karata 6 ileile iliyosimbwa. Mpinzani asiyejua kipeo chako atazidisha karata zilizofungwa mbilimbili, ataangalia ni zao lipi linalolingana na karata nyingine ya rundo, na taratibu atazitambua. Kuongeza ukubwa wa namba tasa hakuondoi uhusiano huo.

Uvujaji mwingine ulionyeshwa na Richard Lipton mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ili kufuli liweze kufunguliwa, kipeo lazima kiwe namba witiri, na kipeo witiri hakibadilishi hali ya namba kuwa baki la mraba (yaani baki la namba fulani iliyozidishwa kwa yenyewe, ukiigawanya kwa namba tasa hiyo) au kutokuwa. Kwa 11, mabaki ya mraba ni 1, 3, 4, 5 na 9. Karata 3 imekuwa 5, bado imo ndani ya kundi. Karata 2 imekuwa 8, bado iko nje. Ikitokea kwamba ree zenu nyingi ziko upande mmoja, mpinzani tayari ana faida ambayo hakuilipia.

Dawa yake ni kulipitisha jina la kila karata, kwa mfano «ree ya shupaza», kwenye SHA-256 (kanuni inayogeuza maandishi kuwa namba isiyotabirika) iliyorefushwa hadi ukubwa wa namba tasa yenu, kisha kulipandisha tokeo mraba ili karata zote ziwe ndani ya kundi moja. Kupandisha mraba peke yake hakutoshi, kwa kuwa 4 mara 9 bado ni 36, yaani mraba wa 2 mara mraba wa 3 bado ni mraba wa 6. Namba tasa nayo iwe ile ambayo ukitoa 1 na kugawanya kwa 2 unapata namba tasa nyingine.

Kuhusu kasi, mzunguko wa kwanza, ambapo kila mtu hulifunga rundo lote kwa kufuli moja na kulichanga, hauna njia ya mkato: wachezaji sita mara karata 52 ni usimbaji mara 312, na rundo lote lazima lipite. Lakini katika mzunguko wa pili, ambapo kila mtu huondoa kufuli lake la jumla na kuweka kufuli la kila karata kivyake, mnahitaji karata 17 tu: 12 za mikononi na 5 za mezani. Hapo 312 inashuka hadi 102.

Mzee wa Seva, Njombe

Naongezea hapo alipoishia mwenzangu. Njia ya 1979 humnasa mdanganyifu kwa kufunua funguo zote mwishoni, na poka haivumilii jambo hilo, kwa sababu aliyewatisha wenzake kwa karata mbovu ana haki ya kuondoka bila kuzionyesha. Ndiyo maana watafiti Barnett na Smart, mwaka 2003, walitumia usimbaji wa ElGamal (kufunga kwa ufunguo wa wazi, kufungua kwa ufunguo wa siri) pamoja na ithibati ambayo mchangaji huitoa kuonyesha kwamba hakuongeza wala kupunguza karata, bila kusema ipi imekwenda wapi. Watafiti wengine, Bayer na Groth, waliifupisha sana ithibati ya aina hiyo mwaka 2012. Ningeanzia hapo, hata kama ni kazi zaidi kuiandika.

Mchezaji anayetupa karata zake kwa hiari hana tatizo. Programu imtake atoe funguo zake za karata tano za mezani kabla ya kuondoka. Wengine hawatakiona chochote mapema, kwa kuwa kila mmoja wao bado ana kufuli lake. Anayetoweka ghafla ndiye mgumu. Mkigawanya funguo ili wanne kati ya sita watoshe kufungua, mchezo utaendelea, lakini wanne hao wakipatana wataona karata za kila mtu. Binafsi sipendi biashara hiyo.

Binti Makambako

Kuhusu kupatana, tusijidanganye: wachezaji wawili wakitumiana picha za karata zao kwa WhatsApp, hakuna hesabu itakayowaona. Halikadhalika anayeongozwa na kompyuta. Programu ya akili bandia ya Pluribus iliwashinda wataalamu kwenye meza ya watu sita mwaka 2019. Na mkiweka pesa halisi mtahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo bakini na pointi.

Mchangaji, Mbeya

Nashukuruni sana. Tumesoma pia kuhusu amana inayowekwa kwenye blokcheni (daftari la pamoja la mtandaoni lisilo na mmiliki mmoja) na kupotea mtu akitoweka. Lakini je, si itamwadhibu aliyekatikiwa na umeme sawasawa na mhuni?

Mzee wa Seva, Njombe

Itamwadhibu, kijana wangu, na haiwezekani vinginevyo, kwa sababu simu iliyozimika na simu iliyozimwa zinafanana kabisa zikitazamwa kutoka upande wa pili wa mtandao. Mkiamua kuufuta mchezo na kurudisha madau, kila anayeona anashindwa atachomoa betri. Kwa hiyo amana lazima izidi kile ambacho mtu angeokoa kwa kukimbia, na katika poka ya dau lisilo na kikomo kiasi hicho kinaweza kufikia vyote alivyo navyo mchezaji mezani. Tumieni dau lenye kikomo, ambapo mnaweza kukokotoa mapema kiasi kikubwa zaidi ambacho mchezaji mmoja anaweza kupoteza, na amana iwe juu yake kidogo. Muda wa kusubiri uwe wa dakika, si sekunde, ili mwenzenu wa Tukuyu apate kuwasha simu nyingine yenye nakala ya funguo zake. Anzeni na meza ya watu wawili; hapo mtoro anajulikana bila ubishi, na amana yake inakwenda kwa yule mmoja aliyebaki.