Mafundi wa alaimenti, rangi ya kijani siyo kazi mliyolipwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, atakayeona lugha ni kali anivumilie tu.

Nilipeleka gari kwenye alaimenti, yaani kupangiwa pembe za magurudumu. Gari ni Toyota GT86. Anayeijua anajua kasoro yake ya kuzaliwa nayo: mbele ina mguu wa MacPherson (shokapu na springi kwenye nguzo moja inayoshika gurudumu), kemba, yaani mlalo wa gurudumu, ya kiwandani iko karibu na sifuri, na hakuna hata sehemu ya kuirekebishia. Kwa mizunguko ya kila siku haina neno. Lipeleke kwenye uwanja wa mbio, ukingo wa nje wa tairi za mbele unachunika huku upande wa ndani bado una vinyweleo vya kiwandani. Ndiyo maana nilifunga sahani za kemba juu ya shokapu, na nyuma nikafunga mikono ya chini ya kurefusha na kufupisha. Vitu hivyo havifungwi kwa urembo.

Nikapeleka gari gereji yenye mashine ya kisasa ya kamera, nikawapa maelekezo kwa maandishi. Mbele kemba hasi digrii 3 kila upande. Kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ukitazama gari ubavuni) kubwa itakayopatikana, mradi kushoto na kulia zilingane. Tou (gurudumu linaelekea ndani au nje, ukitazama gari kwa juu) ya mbele sifuri. Nyuma kemba hasi digrii 2, tou ya kuingia ndani dakika 8 (digrii moja ina dakika 60) kwa kila gurudumu. Upepo wa tairi uwekwe sawa kwanza, na kwenye kiti cha dereva uwekwe uzito unaokaribiana na wangu. Mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: NATAKA VIPIMO VYA KABLA NA BAADA.

"Hamna shida bosi."

Niliporudi gari lilikuwa limeshateremshwa na bili iko tayari. Vipimo? Eti printa mbovu. Lakini kila kitu kimekaa ulivyotaka bosi, wewe nenda kakimbize gari.

Nikaenda kukimbiza. Kona ya kwanza ya maana tu, nakata usukani pua haitaki kuingia, gari linasukuma moja kwa moja kama halina habari na mimi. Napunguza mwendo, linaingia. Naongeza kidogo, linasukuma tena. Nikatoka, nikachoma kipimajoto cha sindano kwenye mpira wa tairi zikiwa bado za moto: ndani, katikati, nje. Tairi ya mbele ikiwa na kemba ya kutosha, upande wa ndani unatakiwa uwe na joto kidogo kuliko wa nje. Zangu zilikuwa kinyume, tena kwa tofauti kubwa, tairi zote mbili za mbele. Nikaweka kipimo cha kemba kwenye rimu. Kushoto haikufika hata hasi digrii 1. Kulia ilipita hapo kidogo. Digrii 3 zangu ziko wapi?

Nikafungua boneti. Sahani zimesukumwa nje hadi mwisho wake! Na nyuma, ile mistari ya rangi niliyochora juu ya nati ili nijue zikiguswa, haijakatika hata mmoja. Nyuma fundi hakugusa kabisa. Kaipimisha kwenye skrini, kaishia hapo.

Niliporudi kuuliza, jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu: "Bosi, ilikuwa inasoma nyekundu, nikairudisha kijani."

Jamani. Hiyo kijani ni nambari ya kiwandani iliyohifadhiwa kwenye kompyuta kwa ajili ya gari lenye springi za kiwandani, linalobeba familia, linaloendeshwa na mtu asiyetaka usukani umshtue. Mashine haijui kama nimeteremsha gari. Haijui natumia tairi gani. Ni sawa na kumpa fundi cherehani vipimo vya mwili wako, yeye akakushonea vya kwenye lebo halafu akasema nguo imetoka safi.

Kwa wanaoanza kujifunza, msije mkapotezwa na hawa watu. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Juu ikiingia ndani ni hasi. Kwenye kona gari linalala upande wa nje, na tairi ya nje, ambayo ndiyo imebeba mzigo, inalazwa nalo. Mguu wa MacPherson ukibonyea hauongezi kemba ya kutosha kufidia huo mlalo, kwa hiyo usipoiweka hasi mapema, tairi itasimama kwenye ukingo wake wa nje na kuuchoma. Ukizidisha nako unaumia, maana kwenye breki za nguvu gari liko wima na unabaki na ukanda mwembamba wa ndani unaoshika lami. Ndiyo maana watu wanapima joto na kurekebisha kidogo kidogo. Haikisiwi kwa kutazama gurudumu.

Halafu utasikia wimbo wao wa siku zote: kemba hasi inakula tairi. Inakula upande wa ndani, ndiyo, kama gari linashinda barabara ndefu zilizonyooka. Ila mlaji mkubwa ni tou. Gurudumu lililogeuzwa kidogo kutoka kwenye mwelekeo wa gari linaburuzwa ubavu muda wote, hata ukiwa umenyoosha usukani. Na gari langu walilirudisha na tou ya mbele inayoingia ndani, ambayo sikuiomba, juu ya kemba ndogo ambayo sikuiomba. Unategemea pua iingie kwenye kona saa ngapi?

Kuna jambo jingine linanitia kichaa. Unamuuliza tou ni ngapi, anakujibu "mili mbili". Mili mbili zipi? Za gurudumu moja au za mawili ukijumlisha? Zimepimwa kwenye rimu au kwenye ukingo wa tairi? Chukua tairi ya 215/45R17. Milimita 2 zikipimwa kwenye kipenyo cha tairi nzima ni kama dakika 11. Zikipimwa kwenye kipenyo cha rimu ya inchi 17 ni kama dakika 16. Sasa mimi niandike ipi kwenye daftari langu? Semeni dakika, kila gurudumu peke yake, tuelewane.

Na utaratibu wenyewe ni wa hovyo. Gari limetoka kwenye jeki, magurudumu yananing'inia, wanalishusha na kupima papo hapo bila kulisukuma mbele na nyuma ili springi na bushi zikae mahali pake. Unapima nini hapo? Vishikio vya kwenye rimu wanavifunga bila kufidia rimu iliyopinda. Wanaanza na mbele, nyuma baadaye au kesho kutwa, wakati tou ya nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi. Ukiigusa mwishoni, usukani unakaa upande na unarudi kuanza upya. Wengine wanaweka tou kwanza, kemba baadaye. Ukisogeza sahani ya juu, tou nayo imesogea! Tou ya mbele ni ya mwisho, usukani ukiwa umefungwa katikati. Kila fundi anayeshika spana chini ya gari alitakiwa awe anajua hili.

Najua kuna watakaosema gereji za kawaida hazikuumbwa kwa magari ya uwanjani. Sawa. Mwambie mteja "hatufanyi hiyo", aondoke na hela yake. Usiitikie, ukabadilisha kimyakimya, ukadai malipo kamili, ukasingizia printa.

Pesa sijarudishiwa. Wamenipa ofa ya "kuiangalia tena bure". Iangaliwe na nani, yuleyule? Nimekataa. Nimefunga kamba mbili kwenye vistendi, moja kila ubavu wa gari, sambamba na mstari wa katikati wa gari, nimenyoosha usukani, napima kwa rula ya chuma mbele na nyuma ya rimu. Inachosha mgongo, lakini kushoto na kulia zinalingana na kila nambari nimeiandika mwenyewe.

Sasa nawasubiri wale wa "kijani ndiyo salama". Msije na picha za skrini. Njooni na joto la tairi, ndani, katikati, nje, za magurudumu yote manne, zilizopimwa mara tu gari lilipotoka uwanjani.