Naomba ushauri: kanisa letu la zamani litapigwa plasta ya saruji

Ndugu zangu, hamjambo? Kijijini kwetu Vihiga, si mbali na Kaimosi walikofika wamishonari wa Friends (Quaker) mwaka 1902, tuna kanisa la matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo, na darasa moja pembeni alikosomea nyanya yangu. Kamati inataka kupiga plasta ya saruji kuta zote. Upande mmoja ulipigwa mwaka juzi. Plasta imebambatuka, na ukigusa tofali, unga mwekundu unabaki kidoleni. Unyevu ulikosa pa kutokea. Roho inaniuma sana.

Nani anajua fundi wa plasta ya chokaa, inayoacha unyevu utoke, huku Magharibi? Na kwa kuwa sheria ya turathi ya 2006 inaruhusu jengo kulindwa kupitia tangazo katika gazeti rasmi la serikali, sisi wanakijiji tuanzie makumbusho ya Kisumu au Nairobi?